MARADHI YA MOYO HAYANGOJI MSIMU WA KAHAWA

Mwezi Machi 2023 nchi nzima ilielekeza macho yake mkoani Kagera. Homa ya Marburg ilikuwa imezuka katika wilaya ya Bukoba. Watu 9 waliugua, na 6 kati yao wakafariki dunia kabla ya maradhi hayo kutangazwa kwisha mwezi Juni mwaka uleule. Mwezi Januari 2025 homa hiyo ikarejea, safari hii wilayani Biharamulo, ikaua watu 10. Mara zote mbili viongozi walifika, wataalamu wakatumwa, wasafiri wakapimwa joto, na redio hazikuacha kutoa maonyo. Ndivyo ilivyopasa kuwa. Adui akiingia nyumbani, mwenye nyumba halali.

Lakini leo twataka kusema habari za adui mwingine, ambaye hapigiwi mbiu. Yeye hakuvuka mpaka wala hakutoka msituni. Anaishi katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, kutoka Kayanga hadi Murongo, kutoka Nyaishozi hadi Nkwenda, ndani ya nyumba za watu wazima wanaojiona wazima wa afya. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na msemo huo haujapata kuwa wa kweli zaidi kuliko unapotajwa juu ya maradhi ya moyo na mishipa ya damu.

Dunia nzima inalijua tatizo hili. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 19.8 walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu, na kwamba zaidi ya robo tatu ya vifo vya namna hiyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Basi na ikomeshwe ile kauli tunayoisikia mara kwa mara vilabuni na hata maofisini, kwamba presha ni maradhi ya wazungu, ya matajiri na ya wakubwa wenye vitambi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2012 ulionyesha kuwa takribani mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Huko Mwanza, katika hospitali ya Bugando ambayo hupokea wagonjwa wa kanda yote ya Ziwa pamoja na hao wetu wa Kagera, madaktari waliohesabu vifo vya wodini kati ya mwaka 2009 na 2011 walikuta kuwa maradhi yatokanayo na shinikizo la damu ni miongoni mwa sababu kuu za vifo. Waliokufa hawakuwa matajiri peke yao. Walikuwamo wakulima, wavuvi, mama lishe na makarani.

Ni vema tueleze kwa maneno mepesi jinsi maradhi haya yafanyavyo kazi, maana mtu hawezi kupigana na adui asiyemjua. Moyo ni pampu. Kwa siku moja hupiga mara 100,000 hivi, ukisukuma damu katika mishipa iendayo kwenye ubongo, figo, macho na viungo vyote. Damu hiyo husukuma kuta za mishipa. Ikisukuma kwa nguvu kupita kiasi, mwaka baada ya mwaka, kuta hukakamaa na kuchakaa, na moyo wenyewe hunenepa kwa kazi nzito mpaka uchoke. Siku moja mshipa wa ubongo huziba au hupasuka, na hicho ndicho kiharusi. Au moyo hushindwa kusukuma, miguu ikavimba, na pumzi ikawa fupi hata kwa kutembea kutoka jikoni mpaka sebuleni. Au figo hufa polepole. Kipimo kikifika 140 kwa 90, nacho kikirudiwa siku nyingine kikawa vilevile, daktari husema kwamba mtu huyo ana shinikizo la juu.

Hila ya maradhi haya ni kwamba mwenyewe hasikii lolote. Malaria hutetemesha, kichocho hutoa damu, jino huuma usiku kucha. Shinikizo la damu huweza kukaa ndani ya mtu miaka 10 bila kumnyima usingizi hata siku moja. Mkulima analima migomba yake, anachuma kahawa yake, anapanda kilima na kuteremka, majirani wanamsifu kwa nguvu zake. Kumbe mshipa unaliwa. Habari ya kwanza apatayo juu ya presha yake, mara nyingi, ni siku anapoanguka.

Na hapa pana jambo ambalo wauguzi wetu wanalijua vizuri. Kipimo cha presha kimo katika zahanati nyingi, na kinafanya kazi, kwa sababu mama mjamzito hana budi kupimwa kila anapohudhuria kliniki ili akingwe na kifafa cha mimba. Basi wanawake wa umri wa kuzaa hupimwa. Lakini mwanamume wa miaka 50, na bibi ambaye amekwisha kuzaa, hawana siku yao. Hupita mbele ya mlango wa zahanati wakiwa na mkungu wa ndizi kichwani au juu ya baiskeli, na hakuna anayewaita waingie wapimwe.

Sasa tuitazame hali ya maisha yenyewe ya Karagwe na Kyerwa, kwa kuwa ushauri wa afya usiojua maisha ya watu ni maneno matupu. Hizi ni wilaya za wakulima. Zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012, Kyerwa ilipotengwa na kuwa wilaya yake. Chakula chao ni ndizi na maharage. Fedha yao kubwa ni kahawa. Kahawa huanza kuchumwa na kuuzwa yapata mwezi Mei, na miezi michache baadaye msimu hupita. Katika msimu kuna fedha: ada hulipwa, bati huezekwa, harusi hufungwa. Nje ya msimu mkono huwa mtupu, na kila shilingi hupimwa mara mbili kabla ya kutoka.

Tumfikirie mkulima mmoja wa Kaisho au wa Nyabiyonza. Hatumtaji kwa jina kwa sababu yuko katika kila kijiji. Mwezi Julai ana fedha, anakwenda hospitali kwa sababu ya maumivu ya mgongo, anapimwa, anaambiwa ana presha. Ananunua vidonge vya mwezi mmoja, na mwezi wa pili pia. Mwezi wa tatu anajisikia mzima, tena fedha imepungua, na mtoto anadai ada. Anajiambia: dawa nimekunywa, maradhi yamekwisha. Vidonge vinakoma. Hakuna amwulizaye kwa nini hakurudi, maana hakuna daftari lenye jina lake. Mwezi Machi, katikati ya palizi ya maharage, mkono wa kulia unalegea, mdomo unakwenda upande, naye anaanguka shambani.

Yafuatayo hayana haja ya kubuniwa. Jamaa wanakodi gari. Wanahitaji fedha ya kitanda, ya dawa, ya chakula cha mwuguzaji. Fedha haipo, kwa kuwa kahawa bado mbichi mtini. Ndipo linapokuja lile neno ambalo kila mtu wa Kagera analijua na ambalo Serikali imelipiga vita miaka mingi: butura. Kahawa inauzwa ikiwa maua au ikiwa changa, kwa bei ya kutupa, kwa mtu mwenye fedha mkononi. Msimu unapofika, mavuno si ya mwenye shamba tena. Mgonjwa yuko kitandani, upande mmoja umekufa. Mkewe amekuwa mwuguzi badala ya mkulima. Binti mkubwa amebaki nyumbani kusaidia. Hivyo maradhi ya mtu mmoja yameipeleka nyumba nzima katika umaskini, na mlanguzi amefaidika kwa kidonge ambacho hakikunywewa.

Kwa hiyo twasema kwamba jambo hili si la madaktari peke yao. Ni jambo la uchumi, ni jambo la ushirika, na ni jambo la haki. Wakubwa wetu walipoitaja vita ya nchi hii wakati wa kupata uhuru walisema adui ni watatu, ujinga, maradhi na umaskini. Katika habari ya mkulima huyu wote watatu wamekutana shambani siku moja.

Kosa liko wapi? Wengine watasema kosa ni la mgonjwa, ambaye ni mjinga au mvivu. Sisi hatukubali. Mgonjwa alitenda kama alivyofundishwa na kila maradhi aliyoyajua toka utotoni: ukiugua unakunywa dawa, ukipona unaacha. Hakuna aliyekaa naye akamweleza kwamba haya ni maradhi ya kuishi nayo, na kwamba kidonge ni kama kuni za jikoni, hakiponyi njaa ya kesho kwa kuchomwa leo. Tena utaratibu wenyewe ulimwacha. Ulimwuzia dawa, haukumfuata.

Na hili ndilo tunalotaka wanachama na wafanyakazi walitafakari: Kagera haikosi ujuzi wa kumtunza mtu mwenye maradhi ya maisha. Inao, tena iliulipia kwa machozi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu waligunduliwa katika mkoa huu. Miaka iliyofuata ilijaza makaburi kwenye migomba na kuwaacha yatima mikononi mwa mabibi. Walakini watu hawakukata tamaa. Tangu Oktoba 2004 Serikali ilipoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo, hospitali, vituo vya afya na baadaye zahanati zilijifunza kazi mpya. Kila mgonjwa akapewa kadi na tarehe ya kurudi. Asiyerudi alitafutwa. Wahudumu wa majumbani walipita njia za migombani. Wagonjwa wenyewe waliunda vikundi, wakakumbushana na kutiana moyo. Aliyetulia alipewa dawa za miezi 3 na hata 6 kwa mkupuo, asipoteze siku za kazi kwa safari za bure. Leo watu waliokuwa wamekwisha kuandika wosia wanalima na kusomesha watoto.

Basi twauliza: ikiwa mtu mwenye virusi huweza kufuatwa mpaka nyumbani kwake ili asiache dawa, kwa nini mtu mwenye presha aachwe? Jengo ni lilelile, mwuguzi ni yuleyule, njia ya kijijini ni ileile. Mara nyingine hata mgonjwa ni yuleyule, kwa kuwa waliookolewa na dawa za virusi sasa wanafikia umri wa maradhi ya moyo. Ni jambo la kusikitisha mtu aponee UKIMWI kwa miaka 15 ya uangalizi mwema, kisha afe kwa kiharusi kwa kukosa kidonge cha bei ndogo.

Tunajua jibu litakalotolewa, nalo ni jibu zito, si la kupuuzwa. Watasema kwamba dawa za virusi zililipiwa kwa sehemu kubwa na wafadhili wa nje, na kwamba hakuna mfadhili aliyejitokeza kulipia presha. Ni kweli. Lakini mwezi Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kila mwenye akili aliona hatari ya kutegemea mkoba wa mwingine hata kwa maradhi yaliyokuwa na mfadhili. Tena kuna tofauti kubwa ya gharama. Dawa za kawaida za shinikizo la damu, kama amlodipini, losatani na hidroklorothiazidi, ni dawa za zamani. Haki za wavumbuzi wake zimekwisha muda, na viwanda vya nchi nyingi huzitengeneza kwa wingi. Hatuombi miujiza ya sayansi. Twaomba kidonge cha kawaida kiwepo katika zahanati kila mwezi wa mwaka, Machi kama Julai.

Wengine watatukumbusha kwamba nchi imekwisha kujenga Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete huko Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 2015, ambayo imewapunguzia wagonjwa wengi safari za kwenda kupasuliwa India. Twaionea fahari taasisi hiyo, na twawapongeza mabingwa wake. Lakini kutoka Kayanga mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Mwenye mshipa uliopasuka hawezi kuzisafiri, na aliye mzima hana haja ya kuzisafiri akipimwa mapema kijijini kwake. Hospitali kubwa ni ngome ya mwisho. Vita ya presha inashindwa au inashindikana pale zahanati.

Sasa tuseme yapasayo kufanywa, na kila mmoja asikie sehemu yake.

Kwanza, halmashauri mbili za Karagwe na Kyerwa. Iwe kanuni kwamba kila mtu aliyetimiza miaka 40, akifika katika zahanati, kituo cha afya au hospitali kwa shida yoyote, hata kama ni kidole kilichokatwa na panga, apimwe shinikizo la damu kabla ya kuondoka. Apimwe akiwa ameketi na kupumzika dakika 5, si akiwa anahema kwa kilima. Atakayekutwa na presha aandikwe katika daftari, apewe kadi na tarehe, na akikosa kuja atafutwe, kama wanavyotafutwa wengine. Mwezi Novemba 2019 Serikali ilizindua mpango wa taifa wa kupambana na maradhi yasiyoambukiza. Mpango ukiwa Dodoma ni karatasi. Ukiwa katika daftari la zahanati ya kijiji ni uhai.

Pili, wahudumu wa afya wa vijijini. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha na kuwatumia wahudumu 137,294 katika muda wa miaka 5. Watakaofanya kazi katika wilaya hizi wapewe kipimo cha presha pamoja na mkoba wao, na wafundishwe kukitumia. Mtu anayeweza kumkumbusha mama chanjo ya mtoto anaweza kumkumbusha mzee kidonge chake.

Tatu, vyama vya ushirika. Hapa ndipo msimu wa kahawa unapoweza kugeuzwa kutoka adui kuwa rafiki. Mfanyakazi wa Serikali hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake kwa ajili ya bima ya afya, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Akiugua Machi au Julai kadi yake ni moja. Mkulima, ambaye jasho lake ndilo linaloleta fedha za kigeni, hana mshahara wa kukatwa, lakini ana msimu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Twashauri wanachama wa vyama vya msingi wajadili katika mikutano yao mikuu, na waamue wenyewe kwa hiari, kwamba siku ya malipo ya kahawa sehemu ndogo itengwe kulipia bima ya kaya kwa mwaka mzima. Fedha ya Julai itanunua kidonge cha Machi. Na mtu mwenye bima hana sababu ya kwenda kwa mnunuzi wa butura usiku, akiwa na mgonjwa garini.

Nne, matawi na mashina, na vyama vya wafanyakazi. Balozi wa shina anajua nani ana msiba na nani ana mgeni. Na ajue pia kuhimiza watu wake wapimwe. Mkutano wa tawi unaweza kualika mwuguzi aje na kipimo, na viongozi wapimwe kwanza mbele ya watu. Lakini twaonya: siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Asitokee mtu wa kusoma majina ya wenye presha mkutanoni. Tulikwisha kuona katika miaka ya UKIMWI jinsi aibu inavyowafukuza watu kwenye dawa. Waajiri nao, wa shule, wa maghala, wa machimbo ya bati huko Kyerwa, wawape watu wao nafasi ya kupimwa angalau mara moja kwa mwaka, bila kukatwa posho.

Imebaki sehemu ya kila mmoja wetu, na hii haihitaji bajeti. Ndizi na maharage ni chakula chema kwa moyo. Wenyeji wa Karagwe na Kyerwa hawana haja ya kufundishwa kula na mgeni. Kinachoharibu ni tunavyoviongeza. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, ikihesabiwa ile ya jikoni, ya mezani na ile iliyofichwa katika vyakula vya pakiti. Basi kichupa cha chumvi kiondoke mezani. Mafuta ya kupikia yapungue. Rubisi ina heshima yake katika harusi na matanga, lakini kunywa kila siku kunapandisha presha, na gongo ni sumu kwa moyo na kwa mfuko. Tumbaku, ya kuvuta au ya kunusa, haina wema wowote kwa mishipa. Na kijana ambaye hapandi tena kilima kwa miguu, kwa kuwa pikipiki inamfikisha mlangoni, ajue kwamba babu yake aliupa moyo mazoezi bila kujua, na yeye anaunyima.

Kuna watakaosema kwamba mazoea ya kijiji hayabadiliki. Tuwape mfano mmoja kutoka mbali, kwa sababu unawahusu watu wa mpakani kama hawa wetu. Huko Finland kuna jimbo la Karelia Kaskazini, jimbo la wakulima na wakata miti, lililo kando ya mpaka wa nchi hiyo. Miaka ya 1960 wanaume wake walikuwa wakifa kwa maradhi ya moyo kwa wingi ambao haukuwa na mfano. Mwaka 1971 wawakilishi wa wananchi hao hawakungoja. Walipeleka ombi kwa serikali yao wakitaka msaada, na mwaka 1972 kazi ikaanza, ikiongozwa na daktari kijana, Pekka Puska. Vyama vya akina mama vilifundisha mapishi yenye chumvi na siagi kidogo, wauguzi walipima presha na kuandika majina, wavutaji sigara walishawishiwa waache. Baada ya miaka 40 vifo vya maradhi ya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ilifanywa na wakulima waliodai, na serikali iliyoitika. Sisi wenyewe mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, tuliwaketisha wananchi wapatao milioni mbili mbele ya redio wakajifunza kinga ya malaria na ya maradhi yatokanayo na vyoo vibaya, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo. Hatuwezi kusema kwamba hatujui njia.

Mwisho tunayo maonyo mawili yasiyongoja mpango wowote. La kwanza: mtu akilegea ghafula mkono au mguu wa upande mmoja, mdomo ukienda upande, au maneno yakamshinda, hicho ni kiharusi. Apelekwe hospitali saa ileile, kwa Nyakahanga au Isingiro au popote palipo karibu. Asichanjwe chale, asifukizwe, asilazwe ndani siku tatu kungoja jamaa wakubaliane kama amerogwa. Kila saa ipitayo, sehemu ya ubongo hufa nayo. La pili: mtoto mwenye maumivu ya koo na homa asiachwe hivihivi. Koo lisilotibiwa, kwa baadhi ya watoto, huzaa homa ya baridi ya viungo ambayo huharibu vali za moyo, na mtoto huyo hufika umri wa miaka 20 akiwa mgonjwa wa moyo. Sindano ya penisilini kwa wakati wake humwokoa.

Wananchi wa Karagwe na Kyerwa wameonyesha katika mengi kwamba wakiamua jambo hulitenda. Waliwapokea wakimbizi kwa maelfu mwaka 1994, ilhali wao wenyewe walikuwa na kidogo. Waliwazika ndugu zao katika miaka mibaya ya UKIMWI na wakawalea waliobaki. Hatuna shaka kwamba hili nalo wataliweza, lakini halitawezekana kwa kungoja. Mwezi Mei kahawa itaiva kama kawaida, na mizani itatolewa ghalani. Kabla ya siku hiyo, kila aliyefikisha miaka 40 na aende zahanati akapimwe, na aliyeacha vidonge vyake arudi kuviomba. Na viongozi wa zahanati, wa halmashauri na wa ushirika wahakikishe kwamba akifika atavikuta.